Riwaya ya mikorosho inapotakiwa kuwa filamu: kipi kinavuka, kipi kinabaki kitabuni

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mikindani. Nimeandika riwaya ya maneno kama 45,000, nami nimekutumia muswada wake na aya moja ya mfano. Inamhusu Somoe, anayerudi kutoka Dar es Salaam baada ya mjomba wake kufariki, akakuta shamba la mikorosho linagombaniwa kati ya wapwa na watoto wa marehemu. Jamaa zangu wananiambia, "Siku hizi nani anasoma? Itoe filamu." Je, kitabu na filamu vinatofautiana wapi hasa katika kusimulia? Na nikitaka kuigeuza, nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Nianze na kauli ya jamaa zako, maana imeharibu kazi nyingi nzuri. Mwandishi akishaamini kwamba filamu ni kitabu kilichopanda daraja, anaingia kwenye skripti akidhani anaongeza picha juu ya maneno yake. Haongezi kitu. Anamwondoa msimulizi.

Katika riwaya yako yupo msimulizi maizi. Anaingia moyoni mwa Somoe na kutoka apendavyo, anaruka miaka, anajua alichokusudia marehemu, na hata anatoa hukumu. Kamera haijui lolote. Inaona uso, mkono, mlango uliofungwa. Maikrofoni inasikia kikohozi na majani makavu chini ya miguu. Kila alichokijua msimulizi kwa niaba ya msomaji, sasa lazima kionekane, kisikike, au kiachwe. Tofauti nyingine zote unazosikia zikitajwa zinatoka humo.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayowashtua waandishi wengi. Maneno 45,000 yakisomwa kwa sauti, kwa mwendo wa maneno 120 kwa dakika, yanachukua saa 6 na robo. Filamu ya kawaida ni dakika 90. Ukurasa mmoja wa skripti iliyochapwa kwa herufi za Courier saizi 12 huwa sawa na dakika moja hivi ya filamu, na huwa na maneno kati ya 150 na 180. Kwa hiyo skripti yako nzima haitazidi sana maneno 16,000, na humo mna maelezo ya mahali na majina ya wasemaji. Karibu theluthi mbili ya ulichoandika itaondoka. Swali la kujiuliza ni ipi iondoke, na jibu halipatikani kwa kupunguza kidogo kidogo kila sura. Ukifanya hivyo utapata filamu inayokimbia kuanzia mwanzo hadi mwisho, yenye watu wengi wasiojulikana.

Chukua nakala ya muswada na penseli tatu za rangi. Kila sentensi inayoonyesha kitu cha kuonekana, ipigie mstari wa kijani. Cha kusikika, bluu. Kinachofikiriwa, kukumbukwa, kujulikana au kuelezwa, nyekundu. Usijionee huruma: "alikasirika" ni nyekundu, "alisukuma sahani" ni kijani. Ukimaliza, hesabu kurasa. Nyekundu ikizidi nusu ya kitabu, hadithi yako inaishi zaidi ndani ya vichwa vya watu, na pengine mahali pake ni kitabuni. Hilo si pungufu. Zipo hadithi ambazo utamu wake wote ni namna mtu anavyojidanganya kwa kurasa 20 bila kusogea alipoketi, na hakuna mwongozaji atakayekupa hilo bila kulibadilisha likawa kitu kingine.

Sasa tuitazame aya uliyoambatanisha na swali:

*Somoe aliyatazama magunia na moyo ukamwambia kwamba Hamisi ameshauza sehemu ya korosho za marehemu bila kumwambia mtu. Alikumbuka walivyokua pamoja, wakila mabibo chini ya mti uleule, akaona haya kumshuku mtu aliyemwita kaka. Akanyamaza, ingawa alijua kunyamaza kwake kutamgharimu.*

Kwa kitabu ni aya nzuri. Kwa kamera, kinachopigika hapo ni magunia tu. Moyo kumwambia mtu, kukumbuka, kuona haya, kujua kitakachokuja: vyote vyekundu. Kosa la kwanza la anayeigeuza ni kumpa Somoe shoga wa kumwambia: "Unajua, nahisi Hamisi ameuza korosho." Hapo aibu imekufa, kwa kuwa mtu mwenye haya hasemi. Kosa la pili ni kuweka mbinu rejeshi, yaani kurudisha hadithi nyuma: watoto wawili wakila mabibo (matunda ya mkorosho) kwa mwendo wa polepole na muziki wa kinanda. Njia yenye afya ni kutafuta tendo moja litakalobeba shaka, udugu na ukimya kwa pamoja. Kwa mfano:

NDANI. BANDA LA KOROSHO – ASUBUHI

Magunia yameegemezwa ukutani. Somoe anayahesabu kwa kidole, midomo ikicheza. Anafika mwisho. Anarudia. Kumi na moja.

Hamisi anaingia, viatu vipya miguuni, bibo bivu mkononi. Anampa.

HAMISI
Ulikuwa unayapenda haya.

Somoe analipokea. Halili.

HAMISI
Umeshahesabu?

SOMOE
Bado.

Analiuma bibo. Maji yanachuruzika hadi kwenye kanga yake.

Neno "bado" linafanya kazi ya sentensi yako yote ya mwisho: tumemwona akihesabu mara mbili, kwa hiyo tunajua anaficha. Bibo linabeba utoto wao bila kurudi utotoni. Na doa la bibo kwenye nguo halitoki, kila mtu wa Mtwara na Lindi analijua hilo. Kanga ileile ukiivalisha Somoe kwenye kikao cha ukoo, dakika 40 baadaye, doa litasema kabla ya yeye kufungua mdomo.

Lakini tazama kinachokosekana. Magunia kumi na moja hayana maana kama mtazamaji hajui kwamba yalikuwa kumi na manne. Msomaji akisahau anarudisha ukurasa. Mtazamaji aliyekaa mbele ya kioo na wenzake harudishi kitu. Kwa sababu hiyo, jambo lolote ambalo hadithi italitegemea lipandwe angalau mara mbili kabla ya kuvunwa, na mara hizo mbili zisifanane. Mara ya kwanza, marehemu anaandika 14 kwa chaki kwenye ubao wa mlango wa banda. Mara ya pili, mtoto anacheza na chaki hiyo, akiipitia namba ileile. Somoe anapohesabu, namba iwe bado mlangoni nyuma yake, bila kuelekezwa kidole. Katika kitabu ungefanya haya yote kwa kusema "yalipaswa kuwa kumi na manne". Maneno matano tu. Hapa kitabu ni chepesi mno kuliko filamu.

Kwenye muda, kitabu kinaishinda filamu kwa mbali zaidi. "Miaka saba ikapita" inakugharimu wino tu. Filamu haina wakati uliopita. Kila kinachoonekana kinatokea sasa, mbele ya macho. Wengi hukimbilia kuandika "MIAKA 7 BAADAYE" juu ya picha. Inafaa, lakini hadithi yako ina saa yake yenyewe shambani. Mkorosho huanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu hivi. Onyesha mche unaofika gotini kwa mtoto, kisha mti uleule ukiwa na kivuli cha kulaza watu wawili. Mtazamaji wa kusini atahesabu mwenyewe, na wa Mwanza ataelewa kwamba miaka imekwenda.

Msimu nao haughushiki. Umeandika sura ya kupuliza salfa na sura ya kuokota korosho. Salfa hupulizwa wakati wa maua, kuanzia Juni hivi hadi Septemba, kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Mavuno hushika kuanzia Oktoba. Kwenye kitabu sura hizo zinafuatana. Kwenye filamu ni safari mbili za kikosi kizima, zilizoachana kwa miezi miwili au zaidi, waigizaji walewale wakiwa na nywele zilezile. Kama fedha ni ya safari moja, chagua. Mimi ningechagua salfa. Wingu la unga wa njano likipita kati ya mikorosho, watu wamejifunga vitambaa usoni kiasi kwamba ndugu hamtambui nduguye: hicho ni kitu ambacho kalamu inakielezea na picha inakitoa mzimamzima. Mavuno yanaweza kusikika tu, korosho zikimwagwa ghalani.

Na bahari. Umeandika kwamba Somoe na mama yake mdogo walibishana ufukweni "hata maji yakajaa bila wao kujua". Sentensi tamu. Maji ya ghuba ya Mikindani huchukua takriban saa 6 kutoka kupwa hadi kujaa, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Maana yake ni kwamba mazungumzo ya dakika tatu utayapiga katika sehemu mbili au tatu ndani ya saa kadhaa, jua likihama. Ukikosea, ukitaka maji yaleyale saa ileile, utasubiri siku 15 hivi hadi bamvua, yaani maji makubwa, irudi. Watengenezaji wasiolijua hili huja na picha ambayo mhusika anasimama kwenye mchanga mkavu, kamera inamgeukia mwenzake naye yuko majini, kisha mchanga mkavu tena. Mtu wa bara huenda asione. Mikindani nzima itaona.

Kuna visivyovuka kabisa. Harufu ya mabibo yaliyoanza kuchacha chini ya miti, na ladha ya uraka, pombe ya mabibo, kooni mwa anayeunywa kwa mara ya kwanza, vina ukurasa mzima kwenye riwaya yako, na ni ukurasa bora. Uache kitabuni. Mwigizaji akikunja pua hatoi harufu, anatoa pua iliyokunjwa. Kwa upande wa pili, vipo ambavyo kitabu kilihangaika navyo na filamu inavipata bure. Vidole vyeusi vya mwanamke anayebangua korosho, vilivyoliwa na mafuta ya ganda, umevieleza mara sita sehemu mbalimbali. Picha moja ya karibu, sekunde nne, mkono ukimpa mtoto chai, na hakuna haja ya kurudia tena. Hali kadhalika Kimakonde. Kitabuni ulilazimika kueleza kwamba wazee "waligeuza lugha wasimsikie mgeni". Kwenye filamu wageuze lugha tu, bila tafsiri chini ya picha, na mtazamaji asiyejua atakaa nje ya duara pamoja na huyo mgeni.

Kuhusu sauti ya msimulizi kusikika nje ya picha, utaambiwa ni udhaifu. Sikubaliani, hasa kwa watazamaji wetu. Vibanda umiza, yaani kumbi ndogo za video, vya Mtwara na Lindi vimelea kizazi kizima kwa filamu za nje zinazofafanuliwa na madijei: dijei anatafsiri, anatania, anamwonya shujaa, anaeleza kilichopita. Huyo ni msimulizi aliyerudishwa ndani ya filamu, na watu walilipa kumsikia. Kabla yake kulikuwa na bibi na "Paukwa!" yake. Masikio ya kwetu hayaoni ajabu hadithi ya picha kuwa na mtambaji. Sharti ni moja, nalo ni kali: sauti isiseme kinachoonekana. Picha ikimwonyesha Somoe analia na sauti ikasema "nililia sana", futa sauti. Picha ikimwonyesha anacheka arusini na sauti ikasema "siku ile nilikuwa nimeshaamua kuwashtaki", iache. Hapo sauti imeleta jambo ambalo kamera isingelipata.

Ukishajua hayo, anza kukata. Riwaya yako ina wahusika 23 wenye majina. Filamu ya dakika 90 inabeba vizuri saba au wanane. Wanaofanya kazi moja uwaunganishe: wajomba wawili wanaopinga wapwa wasirithi wawe mmoja, na jirani anayeleta habari awe huyohuyo karani wa chama cha msingi cha ushirika. Usimkate mtu kwa kuwa hana maneno mengi. Bibi asiyesema, anayekaa kibarazani kila kikao, anaweza kuwa na nguvu kwenye picha kuliko alivyokuwa kwenye kurasa, ambako asiyesema husahaulika. Ukitaka kuona uchaguzi wa namna hii katika Kiswahili, weka pamoja *Vuta N'kuvute*, riwaya ya Adam Shafi ya 1999, na filamu ya Amil Shivji ya 2021. Riwaya inamfuata Yasmini safari ndefu. Filamu inajifunga zaidi kwa Yasmini na Denge. Kisome kitabu, tazama filamu, kisha andika kwenye karatasi kilichoachwa na ujiulize kila kimoja kingegharimu dakika ngapi.

Mahali napo ni gharama. Sura ya nane Somoe anakwenda Kilwa Kisiwani kumtafuta shahidi. Kwako ilikuwa aya mbili za safari. Kwa kikosi cha watu 12 ni zaidi ya kilomita 200 za barabara, malazi, boti, na idhini ya wasimamizi wa mambo ya kale, kwa kuwa magofu yale yako kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1981. Shahidi aje Mikindani.

Kinachobaki kiandike kwenye kadi, kila sini (tukio moja la mahali pamoja na wakati mmoja) kadi yake. Filamu ya urefu huo hubeba sini 40 hadi 60. Kwenye kadi andika mambo matatu: nani anataka nini, nani au nini kinamzuia, na kipi kimebadilika mwisho wa sini. Kadi ambayo jambo la tatu ni tupu, itoe hata kama mazungumzo yake unayapenda. Zitandaze sakafuni, zihamishe. Kazi hii ichukue wiki mbili au tatu kabla hujaandika mstari mmoja wa skripti.

Kwenye mazungumzo yenyewe, jihadhari na salamu. Hodi, karibu, shikamoo, za nyumbani, watoto hawajambo: kwetu hazirukwi, na mhusika anayeingia bila hodi ataonekana hana adabu kumbe hukukusudia. Lakini salamu kamili inakula nusu dakika. Ingia kwenye sini watu wakiwa wameshaketi na kikombe kimeshanyweka nusu. Salamu ibaki pale tu ambapo ndiyo habari yenyewe, mfano Hamisi anapomsalimia kila mtu barazani akamruka Somoe.

Skripti ikikamilika, usiisome kimya. Waite watu watano, gawa sehemu, weka saa mezani. Kipimo cha ukurasa kwa dakika hakiwi sawa kwa Kiswahili cha wazee wanaosema kwa mafumbo na kutua. Kurasa 90 zinaweza kukutoa dakika 110. Kila mahali msomaji anapokwama ulimi, sentensi hiyo ni ya kitabu bado.

Kabla ya kumtafuta mwenye fedha, piga sini moja ya dakika tatu kwa simu. Ile ya banda la korosho inatosha. Usipige saa 6 mchana: karibu na tarehe 20 Oktoba jua la Mikindani linapita utosini kabisa, na macho ya waigizaji yatakuwa mashimo meusi. Fanya kazi kati ya saa 12 na nusu na saa 3 na nusu asubuhi, au kuanzia saa 9 na nusu alasiri. Bandani mwanga uingie ubavuni kwa mlango, na shuka jeupe lishikwe upande wa pili kuurudisha usoni. Gusa uso kwenye kioo cha simu ili mwanga upimwe hapo, si kwenye mlango unaong'aa, la sivyo ngozi nyeusi itageuka kivuli. Sauti irekodiwe kwa simu ya pili, iliyofichwa karibu na waongeaji na kufunikwa kitambaa chepesi dhidi ya upepo. Mkimaliza, wote wakae kimya dakika moja mrekodi mlio wa banda tupu. Mhariri ataziba nao mapengo. Filamu nyingi za mara ya kwanza zinatupwa na mtazamaji kwa sauti mbovu, huku picha zake zikiwa nzuri tu.

Mambo ya karatasi ni mafupi. Riwaya ni mali yako tangu ulipoiandika. Kwa sheria ya hakimiliki ya 1999 haki inadumu maisha yako yote na miaka 50 baadaye. Isajili hata hivyo Ofisi ya Hakimiliki kabla ya kuigawa. Mtayarishaji akija, mkataba utaje ni haki ya filamu moja au ya kila kitu, kwa miaka mingapi, na nini kinatokea asipoitengeneza. Kupiga filamu yenyewe kunahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, na skripti itaombwa, hivyo usiombe ukiwa na wazo tu.

Ile sini ya majaribio waonyeshe watu ambao hawajasoma riwaya, mara ya kwanza bila sauti. Waulize: nani anaficha kitu, na nani anajua? Wakijibu Hamisi anaficha na Somoe anajua, wawashie sauti uone kama "bado" inawafanya wagune. Wakisema ni wapenzi wamegombana, tatizo liko kwenye bibo: limesomeka kama zawadi ya posa. Rudi kwenye penseli ya kijani utafute kitu kingine ambacho kaka na dada wa Mikindani wangepeana.